Taimingi ya injini inayopotea kila mara: mwongozo kamili wa kutafuta chanzo kwenye gari la kasi

Mkanda wa taimingi umebadilishwa, alama zote zimekutana, gari limetoka gereji likivuta vizuri. Baada ya muda taa ya injini inawaka tena kwa msimbo uleule, nguvu inapungua kwenye mizunguko ya juu, na asubuhi injini inachelewa kuwaka. Gari linarudi gereji, sensa inabadilishwa, taimingi inapangwa upya, na hadithi inaanza tena. Kama hapo ndipo ulipofika, acha kwanza kununua vipuri. Taimingi iliyopangwa sawasawa haihami yenyewe. Kuna kitu kinachoihamisha, na mara nyingi si kile ambacho skana imekitaja. Ukirudisha alama mahali pake kabla ya kukipata, umefuta ushahidi tu.

Mwongozo huu ni wa injini za petroli za stroki nne, zenye tabo au zisizo nayo, za mkanda au za cheni, za kiwandani au zilizoongezwa nguvu.

Jua kwanza ni taimingi ipi iliyohama

Kuna taimingi tatu ndani ya injini moja, na kila moja ina ugonjwa wake.

Ya kwanza ni ya kimakanika: nafasi ya kamshafti (shafti inayofungua valvu) ikilinganishwa na krankishafti (shafti inayozungushwa na pistoni). Krankishafti ikizunguka mara mbili, kamshafti inazunguka mara moja, kwa hiyo kosa dogo juu ni kosa kubwa chini. Chukua gia ya kamshafti yenye meno 48: jino moja ni digrii 7.5 za kamshafti, sawa na digrii 15 za krankishafti. Injini iliyoruka jino moja mara nyingi bado inawaka na kutembea, ila inakuwa nzito, inatetemeka ikiwa kwenye sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), na presha ya silinda inashuka. Kwenye injini ambazo valvu na pistoni zinatumia nafasi moja kwa zamu, meno machache zaidi yanatosha kupinda valvu.

Ya pili ni ya cheche: plagi inawaka digrii ngapi kabla ya pistoni kufika juu. Hii inaamuliwa na kompyuta ya injini, na kompyuta inaamini kile sensa inachoiambia.

Ya tatu ni ya valvu inayobadilika injini ikiwa inatembea: VANOS ya BMW, AVCS ya Subaru, VVT-i ya Toyota na ndugu zao. Mifumo mingi ya aina hii inasogezwa na presha ya oili, jambo linaloifanya itegemee afya ya oili kuliko kitu kingine chochote.

Namna ya kuzitofautisha ni kuuliza kosa linatokea lini. Jino lililoruka halina saa: lipo injini ikiwa baridi, lipo ikiwa moto. Ugonjwa wa valvu zinazobadilika hufuata joto la oili. Ugonjwa wa cheche hufuata mzigo, ubora wa petroli na joto la hewa inayoingia. Ugonjwa wa nyaya hufuata mtikisiko na joto la chumba cha injini. Jibu la swali hilo moja litakuokolea kazi nyingi.

Hatua ya 1: Kusanya kumbukumbu kabla ya kushika spana

Usifute msimbo. Soma kwanza picha ya data iliyohifadhiwa pamoja nao: mizunguko, joto la maji, mzigo wa injini. Kisha rekodi kwa skana au kwa programu ya kompyuta ya injini pembe ya kamshafti iliyoagizwa na ile halisi, digrii za cheche, digrii zinazoondolewa kwa sababu ya kugonga (mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda), joto la oili na volti za betri. Rekodi injini ikiwa baridi kabisa, ikiwa moto kwenye sailensa, ikiwa imeshikwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, na ikivuta kwa nguvu zote. Hilo la mwisho lifanyike kwenye dainamomita (mashine ya kupima nguvu ya gari) au kwenye uwanja wa mbio, si barabarani.

Misimbo inayosumbua zaidi ni hii. P0016 inasema krankishafti na kamshafti ya kuingiza hewa, upande wa kwanza wa injini, hazikubaliani; P0017 ni ya kamshafti ya kutoa moshi upande huohuo; P0018 na P0019 ni za upande wa pili. P0011 inasema kamshafti ya kuingiza imekwenda mbele kuliko ilivyoagizwa. P0335 ni saketi ya sensa ya krankishafti, P0340 ni saketi ya sensa ya kamshafti.

Tazama vizuri maneno ya P0016. Haisemi sensa imekufa. Inasema sensa mbili zinatoa habari mbili zisizopatana, na kwa kawaida zote mbili zinasema kweli. Kubadilisha sensa kwa sababu ya P0016 bila kupima ni kosa linalokula fedha nyingi kuliko yote kwenye kazi hii.

Kwenye rekodi yako, tofauti kati ya pembe iliyoagizwa na pembe halisi ndiyo habari yenyewe. Tofauti isiyobadilika, ileile baridi na moto, inaelekeza kwenye mkanda, cheni, gia au puli. Tofauti inayokuja kwa kuchelewa, kamshafti ikijikokota kufuata amri, inaelekeza kwenye oili.

Hatua ya 2: Oili

Anza hapa hata kama una hakika tatizo liko kwingine, kwa sababu ni kazi rahisi na huondoa mashaka mengi kwa pamoja. Kagua kiwango, kisha uzito wa oili kulinganisha na kitabu cha gari. Oili nzito kupita inavyotakiwa huchelewesha kamshafti wakati wa baridi. Iliyochoka na kuchanganyika na petroli hushindwa kushika presha ikipata moto. Usitegemee taa ya dashibodi. Toa sensa ya presha ya oili, funga geji ya kimakanika, pima injini ikiwa moto kabisa, kwenye sailensa na kwenye mizunguko ya juu, kisha linganisha na kitabu.

Toa valvu za solenoidi zinazoongoza oili ya kamshafti. Kichujio chake kidogo cha wavu kikiwa na uchafu mweusi au chembe za chuma, usiisafishe na kuirudisha tu. Jiulize chembe hizo zimetoka wapi. Kwenye baadhi ya injini za Subaru zenye tabo, kuna vichujio vidogo ndani ya bolti zenye tundu zinazopitisha oili, na vikiziba vinainyima oili AVCS, na hata tabo yenyewe.

Jaribio la solenoidi ni fupi. Injini ikiwa moto na kwenye sailensa, chomoa soketi yake, uipe volti 12 kwa muda mfupi. Kwenye mifumo mingi injini inatakiwa kutetemeka vibaya au kuzima, kwa sababu kamshafti imesogezwa mahali pasipofaa kwa mizunguko hiyo. Isipobadilika kabisa, ama solenoidi imekwama, ama oili haifiki, ama gia ya kamshafti imekufa ndani.

Hatua ya 3: Hakikisha alama ya sifuri inasema kweli

Watu wengi huiruka hatua hii, na mimi naiona kuwa moyo wa kazi yote. Puli ya krankishafti kwenye injini nyingi ni vipande viwili vya chuma vilivyoshikanishwa na raba: kitovu ndani, pete nje. Alama za taimingi ziko kwenye pete. Raba ikichoka, pete inateleza kidogo kidogo, na alama inateleza nayo. Hapo fundi anapanga kila kitu kwa uangalifu kulingana na alama ya uongo.

Kuthibitisha, toa plagi zote ili injini izunguke kwa mkono bila kupambana na presha. Kwenye tundu la silinda ya kwanza funga daili geji (kipimo cha mshale cha sehemu za milimita) ya kugusa kichwa cha pistoni, na kwenye puli funga diski ya digrii, sifuri yake ikiwa kwenye alama ya kiwandani. Usitafute kilele cha pistoni kwa macho wala kwa bisibisi: karibu na kilele, krankishafti huzunguka digrii kadhaa huku pistoni ikiwa kama imesimama. Badala yake, zungusha injini kuelekea upande wake wa kawaida mpaka pistoni ibaki milimita 1 kufika juu, andika digrii. Endelea kuzungusha upande huohuo mpaka ishuke milimita 1 kupita kilele, andika tena. Kilele cha kweli kiko katikati ya namba hizo mbili. Ukisoma digrii 7 kabla na digrii 15 baada, katikati ni digrii 4 baada ya alama, na puli hiyo si ya kuaminika tena. Tundu la plagi likiwa limelala upande kiasi kwamba daili geji haifiki wima, usilazimishe, namba zitakudanganya.

Uzuri wa njia hii ni kwamba huzungushi injini kinyume hata mara moja. Injini yenye cheni na tensiona (kikaza cheni) ya oili ikizungushwa kinyume, upande uliolegea unahama na cheni inaweza kuruka jino hapo hapo mkononi mwako.

Hatua ya 4: Kinachoshika gia

Sasa fungua kava na ukutanishe alama. Zungusha krankishafti mizunguko miwili kamili kwa mkono, kisha soma alama upya. Zikikaa sawa kabla ya kuzungusha na kupishana baada ya hapo, mkanda ulipangwa ukiwa umelegea upande usiofaa.

Alama zikiwa sawa bado kazi haijaisha. Kagua kinachoishika gia ya krankishafti. Kwenye injini nyingi ni ufunguo mdogo wa chuma unaokaa kwenye mfereji. Bolti ikilegea, gia inacheza, ufunguo unaliwa, mfereji unapanuka, na taimingi inahama kila unapoachia na kukanyaga mafuta. Mazda MX-5 za lita 1.6 za 1990 na za mwanzo wa 1991, zenye pua fupi ya krankishafti, zinajulikana kwa ugonjwa huu. Shika puli, itikise kushoto na kulia kamshafti zikiwa zimetulia. Mchezo wowote unaousikia mkononi ni mwingi mno.

Injini nyingine hazina ufunguo kabisa. MZR 2.3 yenye tabo ya Mazdaspeed 3 ni mfano: gia na puli zinashikwa kwa msuguano wa bolti pekee. Ukilegeza bolti hiyo ili kubadilisha sili tu, bila kufunga krankishafti na kamshafti kwa vifaa vyake, umeshapoteza taimingi. Nyuso zinazokutana zinatakiwa kuwa safi bila oili isipokuwa kitabu kiseme vinginevyo, na bolti inayokazwa kwa digrii mpaka inyooke haitumiki mara ya pili.

Kama injini imefungwa gia za kamshafti zinazorekebishika, kagua bolti zake ndogo moja moja kwa spana ya torki. Gia hizi huteleza, hasa springi za valvu zikiwa ngumu kuliko za kiwandani. Chora mstari mwembamba wa rangi unaopita kitovu na pete. Ukikuta mstari umekatika, umepata jibu.

Kuna sababu nyingine inayosahaulika kwenye injini zilizojengwa upya. Hedi ikichongwa, kamshafti inasogea karibu na krankishafti, na kwenye injini ya mkanda au cheni kamshafti inachelewa kidogo hata kama alama zinaonekana zimekutana. Gasketi nene zaidi hufanya kinyume chake. Hapo alama za kiwandani ni makadirio tu, na kamshafti inatakiwa kupimwa kwa diski ya digrii kulingana na kadi ya vipimo vyake.

Hatua ya 5: Mkanda, cheni na vinavyovikaza

Mkanda wenye oili usipanguswe na kurudishwa. Badilisha mkanda, badilisha sili, kisha tafuta kwa nini sili imevuja. Kwenye injini yenye tabo mara nyingi ni presha ya ndani ya krankikesi (chumba cha krankishafti): valvu ya kupumulia imeziba, au ringi zimechoka, na gesi inasukuma oili kupitia kila sili. Bila kuliponya hilo, mkanda mpya utalowa kama wa kwanza.

Tensiona ya oili ina tabia yake. Kwenye injini ya 4G63 ya Mitsubishi Lancer Evolution, ukishafunga mkanda unazungusha krankishafti mizunguko miwili, unaacha injini itulie kama dakika 15, ndipo unapima kijiti kilivyochomoza kutoka kwenye mwili wa tensiona: kinatakiwa kuwa milimita 3.8 hadi 4.5. Fundi mwenye haraka hukipima papo hapo, anaona namba nzuri, anafunga kava. Tensiona inapotulia baadaye, mkanda unalegea. Ukitoa tensiona na kuibana polepole kwenye jiliwa, inatakiwa kupinga kwa nguvu. Ikizama kama sponji, itupe. Injini hiyohiyo ina mkanda mdogo wa shafti za mizani ndani ya mkanda mkubwa. Ukikatika, vipande vyake huingia kwenye mkanda wa taimingi, kwa hiyo usibadilishe mmoja ukauacha mwingine.

Kwa cheni, sikiliza sekunde za kwanza baada ya kuwasha. Mlio wa chuma unaokwaruza kisha kutoweka ni tensiona iliyopoteza oili usiku. Kwenye vizazi vya mwanzo vya injini ya EA888 ya Volkswagen na Audi, tensiona ya zamani inaweza kushindwa kushika injini ikiwa imezimwa, na cheni ikaruka wakati wa kuwasha. Gari la namna hiyo lenye gia za mkono lisiegeshwe kwenye mteremko likishikiliwa na gia peke yake, maana uzito wa gari unaweza kuigeuza injini kinyume. Kwenye injini ya S54 ya BMW M3 ya E46 tatizo ni jingine: masikio ya gia ya kamshafti ya kutoa moshi yanayoendesha pampu ya VANOS huvunjika, na bolti ndani ya VANOS hulegea. Huko, msimbo wa pembe ya kamshafti ni sababu ya kufungua na kutazama kwa macho kabla chuma hakijaanguka ndani ya injini.

Hatua ya 6: Sensa na nyaya

Sensa ya aina ya sumaku na koili kwa kawaida ina nyaya mbili na inapimwa kwa omu, baridi na moto. Sensa ya aina ya Hall ina nyaya tatu: umeme, ethi na ishara, hiyo usiipime kwa omu, ipime ikiwa inafanya kazi. Kipimo bora kwa zote mbili ni oskiloskopu (kifaa kinachochora ishara ya umeme kama mawimbi) yenye chaneli mbili, krankishafti juu, kamshafti chini. Gurudumu la meno 60 lililotolewa meno mawili linatoa mapigo 58 na pengo. Kila jino ni digrii 6. Hesabu meno kutoka kwenye pengo mpaka ukingo wa ishara ya kamshafti, na utajua kamshafti imehama digrii ngapi bila kufungua kava.

Tazama pia kama mapigo yanapanda na kushuka kwa ukubwa ndani ya mzunguko mmoja. Hiyo ni dalili ya gurudumu lililopinda au krankishafti inayocheza mbele na nyuma. Mchezo huo ulizisumbua baadhi ya 4G63 zenye bolti saba za flaiwili, na ulipozidi uliharibu hata sensa yenyewe. Hakuna sensa mpya itakayodumu hapo mpaka beringi za msukumo zishughulikiwe.

Nyaya za sensa zisilale sambamba na nyaya za koili. Kinga ya waya inayozizunguka nyaya za sensa iunganishwe ethi upande mmoja tu. Pima upotevu wa volti kwenye ethi ya injini wakati wa kupiga stata. Ethi mbovu hutengeneza makosa ya taimingi ambayo hayaeleweki kabisa.

Hatua ya 7: Cheche

Hapa taimingi laiti, taa inayomulika alama kila plagi inapowaka, bado ni mfalme, mradi kompyuta ifungwe isibadilishe digrii. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990, kama zenye injini za 3S-GTE na 2JZ-GTE, unaunganisha pini za TE1 na E1 kwenye soketi ya uchunguzi na kutafuta digrii 10 kabla ya kilele. Kwenye kompyuta za kujitegemea, zinazofungwa badala ya ya kiwandani, unafunga digrii ndani ya programu. Ikiwa plagi zinawaka pia kwenye stroki ya moshi, weka kitufe cha kuongeza digrii cha taimingi laiti kwenye sifuri, la sivyo kitakuonyesha namba mara mbili.

Digrii zikiwa zimefungwa, pandisha mizunguko polepole. Alama inatakiwa isimame. Ikihama taratibu kadiri mizunguko inavyopanda, mipangilio ya ucheleweshaji wa sensa ndani ya kompyuta si sahihi, au nyaya mbili za sensa ya sumaku zimebadilishana. Ikicheza huku na huku, kuna ulegevu wa kimakanika njiani. Hili huonekana kwenye injini ya Nissan RB26DETT, ambayo sensa yake inaendeshwa na kamshafti ya kutoa moshi: mtikisiko wa mkanda kwenye mizunguko ya juu unaingia moja kwa moja kwenye taimingi ya cheche, na ndiyo maana wajenzi wengi wa injini hiyo huhamishia sensa kwenye krankishafti.

Na kama kompyuta inaondoa digrii yenyewe, usikimbilie kulaumu sensa ya kugonga. Petroli ya oktani ya chini, hewa ya moto baada ya intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo) na mchanganyiko wenye mafuta machache ndivyo vya kuchunguzwa mwanzo. Baada ya hapo tafuta kelele za uongo: bomba la eksozi linalogusa bodi, kinga ya joto iliyolegea, pistoni za chuma cha kufuliwa (forged) zinazopiga kelele zikiwa baridi. Sensa yenyewe ikazwe kwa torki ya kitabu, ambayo kwenye injini nyingi ni karibu Nm 20. Ikikazwa kupita kiasi au kwa uzi mchafu, inasikia vibaya.

Baada ya kukipata chanzo

Kama taimingi ya kimakanika ilihama hata jino moja, pima presha ya silinda zote na uvujaji wake kabla ya kuwasha kwa nguvu. Silinda inayovuja kupitia valvu za kuingiza au za kutoa inakuambia kuna valvu iliyopinda, na taimingi nzuri kiasi gani haitaiponya.

Funga kwa bolti mpya pale kitabu kinapotaka, chora alama za rangi kwenye kila gia na bolti, kisha rekodi upya data zote za hatua ya 1 katika hali zilezile. Pembe ya kamshafti iliyoagizwa na ile halisi, baridi na moto, ziandike na uzihifadhi pamoja na kilomita za gari. Rekodi tena baada ya kilomita 500 na tena baada ya 2,000. Pembe ikibaki palepale, chanzo kimepatikana. Ikianza kusogea hata digrii mbili kuelekea upande uleule wa zamani, rudi kwenye hatua ya 4 na ya 5 huku taa ya injini ikiwa bado haijawaka.